Kwa Mwoga Kicheko, kwa Shujaa Kilio: Somo Kutoka kwa Mpagazi Aliyekimbia Vita



Katika likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulipangiwa kazi ya kichungaji kwenye kigango kimoja cha Wilaya ya Nachingwea. Vijana wa kwaya walikuwa wanaandaa igizo la nyimbo kwa ajili ya sikukuu ya msimamizi wa kigango. Walichagua habari ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo wameisikia kwa wazee wao. Mpagazi mmoja anatoroka jeshini, anakamatwa, anashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa woga na utoro, kisha anapigwa risasi. Mwishoni kwaya yote inaimba kwamba Mkristo asiikimbie imani yake kama mtoro alivyoikimbia vita.

Tuliwapongeza, tena tukawasaidia kuunoa wimbo wa hakimu. Kijana aliyeigiza mtoro alikuwa hodari: magoti yalimgongana, akajificha nyuma ya ngoma, watoto wakaangua kicheko.

Mazoezi yalipokwisha, bibi mmoja alibaki amekaa kwenye benchi la nyuma. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Kisha akasema kwa utaratibu, "Huyo mnayemcheka ni babu yangu. Alibebeshwa mzigo wa risasi upande wa Ruangwa, akatoroka usiku. Angekaa, angekufa. Na mimi nisingekuwepo hapa kuwasikiliza mkiimba."

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulikaa na daftari letu la igizo mbele ya taa, tukagundua jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Hakimu alikuwa na wimbo. Askari walikuwa na wimbo. Kijiji kilikuwa na wimbo. Mshtakiwa peke yake hakuwa na hata ubeti mmoja. Somo hili limezaliwa usiku ule. Tutalipitisha katika njia tuliyoizoea kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Vita ilipopita kwetu

Mwaka 1917 vita kati ya Wajerumani na Waingereza ilihamia kusini mwa nchi yetu. Mwezi Oktoba majeshi ya Waingereza yalifika Ruponda, ambayo leo iko Wilaya ya Nachingwea. Brigedi ya Nigeria ilipita Ruangwa ikielekea Nyangao, ikakutana na mapigano makali ya Mahiwa yaliyodumu siku nne katikati ya mwezi huo. Zaidi ya watu 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Mwezi Novemba jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Sehemu kubwa ya watu waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika. Na nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi, kwa sababu hapakuwa na barabara za magari na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Chakula, risasi na vipande vya mizinga vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa walikaribia 95,000, na waliowengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Watu hawa waliondoka shambani bila kuulizwa. Nyuma yao maghala yao yalichukuliwa kulisha majeshi, na njaa ikaingia majumbani. Ndiyo maana walitoroka kwa wingi, na ndiyo maana walilindwa kwa bunduki, wakafungwa kamba na kuchapwa kiboko. Aliyetoroka na kukamatwa angeweza kulipa kwa uhai wake. Tunapoimba kuhusu mtoro wa mwaka 1917 inafaa tuanze na swali hili: alikimbia vita ya nani?

Beni: ngoma ya askari na wapagazi

Kabla hatujaandika igizo letu, wahusika wenyewe walikuwa na la kwao. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na vita vikaieneza hadi bara. Wachezaji waliiga gwaride la Wazungu kwa tarumbeta, ngoma kubwa, sare za kushona na vyeo vya kijeshi. Katika Tanganyika vyama viwili vilishindana, Marini na Arinoti. Askari na wapagazi walicheza beni kambini, na waliorudi makwao walirudi nayo.

Mtu anaweza kuona beni kuwa ni mchezo wa kuiga tu. Sisi tunaona zaidi. Mtu ambaye mchana aliamriwa kama mzigo, jioni alivaa cheo cha ofisa, akatoa amri kwa sauti yake, na watu wakacheka pamoja naye. Hapa ndipo tulipojifunza tofauti ya kwanza: kuna kicheko cha aliyeonewa anayemwiga mkubwa wake, na kuna kicheko cha umati unaomdhihaki aliyeanguka. Igizo letu lilikuwa limechagua hicho cha pili.

Askari aliyehukumiwa kwa dakika ishirini

Mambo haya hayakutokea Afrika tu. Katika vita hiyo hiyo jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake zaidi ya 300 kwa makosa kama utoro na woga. Mmoja wao alikuwa Harry Farr. Mwaka 1915 alilazwa hospitali kwa miezi mitano, akili yake ikiwa imevurugwa na milipuko ya mizinga. Akarudishwa vitani. Mwaka 1916 alishindwa kwenda mstari wa mbele, akashtakiwa kwa woga. Kesi yake ilichukua takribani dakika ishirini, na hakuwa na mtetezi. Alipigwa risasi alfajiri ya tarehe 16 Oktoba 1916. Mjane wake alinyimwa pensheni, na kwa miaka mingi familia iliificha habari hiyo kwa aibu.

Uingereza iliiondoa adhabu ya kifo kwa woga na utoro mwaka 1930. Mwaka 2006 sheria ya bunge iliwasamehe askari 306, Farr akiwa mmoja wao. Katikati ya miaka hiyo, sanaa ilifanya kazi ambayo mahakama haikuifanya. Mwaka 1963 kikundi cha Joan Littlewood kilionyesha jijini London igizo la muziki liitwalo "Oh, What a Lovely War". Waigizaji walivaa mavazi ya wachekeshaji na kuimba nyimbo ambazo askari wenyewe waliziimba vitani, huku ubao wa taa ukionyesha idadi ya waliokufa. Watazamaji walijikuta wanacheka, kisha wanasoma ile idadi, na kicheko kinawakauka midomoni.

Uwanja wa Nachingwea, mwaka 1975

Turudi nyumbani. Wazee wa Nachingwea wanaikumbuka kambi ya FRELIMO, walipofunzwa wapigania uhuru wa Msumbiji. Kambi ile ilijaa nyimbo na ngoma, na Watanzania tuna haki ya kujivunia jasho tulilolitoa kwa ukombozi wa jirani zetu.

Lakini mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, jambo jingine lilitokea pale pale. Watu waliohesabiwa kuwa wasaliti wa mapambano waliletwa mbele ya Samora Machel na wapiganaji waliokusanyika. Miongoni mwao alikuwa Mchungaji Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO. Alisoma hadharani maandishi marefu ya kukiri makosa yake. Baadaye yeye na wenzake kadhaa waliuawa nchini Msumbiji bila kufikishwa mbele ya mahakama ya wazi, na familia zao hazikukabidhiwa miili ya kuzika.

Hatuandiki haya ili kuamua ugomvi wa kisiasa wa watu wa wakati ule. Simango hakushtakiwa kwa woga vitani kama Farr, wala hakubeba mzigo kama babu wa yule bibi. Kinachowaunganisha ni kitu kimoja. Mpagazi hakuulizwa kitu. Farr aliulizwa kwa dakika chache. Simango alisimama akasema, lakini maneno yalitoka kinywani mwa mtu aliyefungwa. Hukumu isiyompa mshtakiwa nafasi ya kusema kwa uhuru ni igizo, hata kama damu inayomwagika ni ya kweli.

KUAMUA

Maandiko Matakatifu yanamjua mwoga

Tulipofungua Biblia tulishangaa. Sheria ya vita katika Kumbukumbu la Torati 20:8 inaagiza kwamba kabla ya mapigano askari waulizwe kama yupo mwenye hofu. Mwenye hofu hapigwi risasi wala hafungwi kamba. Anaambiwa arudi nyumbani kwake. Gideoni aliifuata sheria hiyo katika Waamuzi 7:3, na watu 22,000 wakaondoka, wakabaki 10,000. Maandiko hayasemi kwamba hao 22,000 walilaaniwa.

Katika Agano Jipya jambo hili linatugusa zaidi. Katika bustani ya Getsemane Bwana wetu mwenyewe alishikwa na hofu na uchungu (Mk 14:33). Baadaye usiku ule ule mitume wote wakamwacha wakakimbia, na kijana mmoja akaacha hata shuka lake mikononi mwa waliomkamata akakimbia uchi (Mk 14:50-52). Tuseme wazi: Kanisa limejengwa juu ya watoro waliorudi. Baada ya ufufuko Kristo hakumwitia Petro kikosi cha kumpiga risasi. Alimwandalia samaki na mkate kando ya ziwa, akamuuliza mara tatu kama anampenda (Yn 21). Alimpa nafasi ya kujibu.

Wanafalsafa wanasema nini kuhusu ujasiri?

Sisi wanafunzi wa falsafa tunakutana na ujasiri katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako cha Aristotle. Anafundisha kwamba ujasiri ni wastani kati ya woga uliopita kiasi na kujitumbukiza hatarini ovyo. Jasiri haoni raha ya kufa. Anaogopa yanayostahili kuogopwa, lakini anasimama kwa sababu ya jambo jema. Kisha Aristotle anataja mambo yanayofanana na ujasiri lakini siyo. Mojawapo ni hali ya askari wanaosonga mbele kwa sababu wakuu wao wanawachapa kutoka nyuma, au wamechimbiwa handaki mgongoni wasiweze kurudi. Watu hao, asema, wanasukumwa na kulazimishwa.

Fikirini basi mpagazi wa Ruangwa mwenye kamba shingoni. Kama kubaki kwake hakukuwa ujasiri, kwa sababu alilazimishwa, tutasemaje kwa haraka kwamba kuondoka kwake kulikuwa woga? Penye kulazimishwa, kipimo cha shujaa na mwoga kinakosa pa kusimama.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza mambo mawili. Katika swali la 123 la sehemu ya pili ya sehemu ya pili ya Summa Theologiae anasema kwamba tendo kuu la fadhila ya nguvu ni kuvumilia kuliko kushambulia. Kwa hiyo mama aliyebaki kijijini akachimba mizizi ili watoto wasife njaa mwaka ule ana nafasi katika fadhila hiyo sawa na askari. Katika swali la 125 anafundisha kwamba hofu inakuwa dhambi inapokwenda kinyume cha akili nyofu, yaani mtu anapokimbia lile ambalo akili inamwambia alivumilie. Na hata hapo, hofu kubwa hupunguza uzito wa kosa, kwa sababu hupunguza hiari ya mtendaji.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 79, unawasifu wanaokataa waziwazi amri za kutenda maovu vitani, na unataka sheria ziwajali kwa utu wale wanaokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, mradi wakubali kuitumikia jamii kwa njia nyingine. Katekisimu namba 2267, iliyorekebishwa na Papa Fransisko mwaka 2018, inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki.

Tena Kanisa limempandisha altareni mtu aliyeuawa kwa kukataa kupigana. Mwenye heri Franz Jägerstätter, mkulima wa Austria na baba wa familia, alikataa kulipigania jeshi la Hitler. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na mjane wake alinyimwa pensheni hadi mwaka 1950. Mwaka 2007 alitangazwa mwenye heri. Aliyeitwa msaliti na dola leo anaombewa maombezi.

Tahadhari

Je, tunasema kila anayekimbia ni mtakatifu? Hapana. Mlinzi anayelala zamu au kukimbia na kuwaacha wenzake wachinjwe ametenda kosa kubwa. Baba anayeitoroka familia yake kwa sababu maisha yamekuwa magumu hawezi kujificha nyuma ya mpagazi wa mwaka 1917, wala mseminari anayeukimbia wito kwa kuogopa masomo. Mpagazi yule alitoroka ili arudi kwa watu wake. Tofauti ipo katika maswali matatu: Unakimbia nini? Unakimbilia wapi? Nani anabaki nyuma akiumia? Maswali haya hayajibiwi na mtazamaji anayecheka. Yanahitaji kumsikiliza aliyekimbia.

KUTENDA

Tuliwaeleza vijana wa kwaya yaliyotupata. Baadhi walipinga, na hoja yao ilikuwa ya maana: "Frateri, tukimhurumia mtoro, tutawafundishaje wadogo zetu uvumilivu?" Tulijadili jioni mbili. Mwishoni tulikubaliana kutobadilisha hukumu. Ndani ya igizo mahakama ilihukumu, na mtoro akauawa. Tuliongeza kitu kimoja tu: kabla ya hukumu, hakimu anakaa kimya na mshtakiwa anaimba.

Tulimwendea yule bibi kumwomba ruhusa na ushauri. Alitusikiliza, kisha akasahihisha jambo moja. Katika igizo letu mtoro alitupa mzigo porini. "Babu hakutupa mzigo," alisema. "Alituambia aliuweka chini, akaweka na ngata yake juu, ndipo akaondoka." Tukaliingiza hilo. Siku ya sikukuu, kijana yule yule aliyekuwa anachekesha alivua ngata kichwani, akaiweka juu ya mzigo taratibu, akaimba kwamba mtama nyumbani umeiva na hakuna wa kuuvuna. Watoto walianza kucheka kama walivyozoea, wakanyamaza.

Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi tuliitafsiri methali hii kama dhihaka, kumbe wahenga waliona mbali. Kicheko kilichokuwa kwa yule mpagazi ni kicheko cha nyumba yenye watoto na wajukuu. Na kilio cha shujaa ni cha kweli, tusikidharau. Pale Dar es Salaam sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha askari akisonga mbele na bunduki yake. Tunaiheshimu. Lakini aliyeweka ngata chini akarudi nyumbani hana sanamu popote, na wengi waliokamatwa njiani hawana hata kaburi linalojulikana.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, kwaya na vikundi vya maigizo vinapoigiza kesi yoyote, ya Biblia au ya historia, vimpe mshtakiwa wimbo wake. Pili, vijana wa Nachingwea, Ruangwa na kwingineko wawaulize wazee habari za wapagazi kabla wazee hao hawajatuacha, na waziandike. Tatu, mwezi Novemba, tunapoandikisha nia za Misa kwa marehemu wetu, tuwakumbuke waliokufa vitani wakiwa wameitwa waoga, watoro au wasaliti.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika ukoo wetu au kijiji chetu, yupo mtu ambaye jina lake halitajwi kwa sababu alikimbia au alishindwa? Tumewahi kusikia habari yake kwa upande wake?
2. Someni Kumbukumbu la Torati 20:5-8. Kwa nini Mungu aliruhusu mwenye hofu arudi nyumbani?
3. Tofauti kati ya woga na busara ni nini? Toeni mifano ya maisha ya leo.
4. Tunapoketi kuamua kesi katika familia, Jumuiya au parokia, tunampa mshtakiwa muda wa kusema, au tunakuwa tumeshamhukumu?

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyeonja hofu Getsemane na kuachwa na marafiki zako, uwapokee wote waliouawa kwa sababu miguu yao iliwashinda au dhamiri yao iliwakataza. Utujalie fadhila ya nguvu ya kusimama penye haki, na masikio ya kumsikiliza aliyeanguka. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.